Mdomo kufa ganzi si kosa la mpishi, uchungu ndio kosa

Swali: Kaka mpishi, habari za kazi. Mimi nauza nguo Kariakoo, na safari iliyopita nilikuwa Guangzhou kufuata mzigo. Usiku wa mwisho tuliingia wanne kwenye mgahawa wa chakula cha Sichuan tulioelekezwa. Tukaagiza kwa kuonyesha picha: samaki wa kuchemshwa, kuku wa pilipili, tofu ya soya ya mchuzi mwekundu, biringanya na wali. Mhudumu aliuliza ukali kwa simu ya kutafsiri, nikamjibu kidogo. Samaki alikuja anaelea kwenye beseni la mafuta, lakini nyama yake sijapata kula laini kama ile. Kuku wa yuan 68 alikuwa pilipili kavu tupu. Nyama ya kutafuta, ngumu, tena chungu. Tofu nzuri ila moto. Biringanya, tamu, chachu, yenye tangawizi na vitunguu saumu, tuliigombania. Kilichonitisha ni mdomo: ulikufa ganzi, nikinywa maji nasikia ladha ya bati. Wenzangu wanasema tuliwekewa dawa. Usiku tumbo likaniuma sana, asubuhi likawa limetulia. Mimi pilipili naila tangu utotoni, kwetu Tanga. Je, tulidanganywa au hatukujua kula? Na nikienda tena, nirudi pale? Wawili kati yetu ni Waislamu, na hatukuagiza nguruwe.

Jibu: Dada yangu, hamkudanganywa. Ila kwenye meza ile kulikuwa na kosa moja la jikoni, kosa moja lenu la kuagiza, na jambo moja ambalo mlistahili kuambiwa na hakuna aliyewaambia. Nilipika Chengdu, mji mkuu wa jimbo la Sichuan, miaka minne kabla ya kurudi nyumbani, na mambo haya matatu nimeona yakichanganywa mara nyingi. Mtu huukimbia mgahawa wenye samaki mzuri kwa sababu ya ganzi, halafu humsamehe mpishi aliyeunguza kuku kwa kudhani ndivyo wanavyokula Wachina.

Tuanze na ganzi, maana ndiyo iliyokutisha. Hakuna aliyewawekea dawa. Ni kiungo kinachoitwa huajiao, na bila hicho chakula cha Sichuan hakipo. Wengi wakiona punje zake hudhani ni pilipili manga, lakini hazina undugu na pilipili manga, wala na pilipili za kuwasha. Ni maganda makavu ya tunda dogo la mti wa jamii ya michungwa na milimau. Na wewe uliyekulia Tanga huenda umemwona ndugu yake bila kujua: mjafari, ule mti wenye miiba minene iliyochomoza kwenye gome, ambao waganga wa miti shamba hutumia magome na majani yake. Wataalamu wa mimea wameuweka mjafari na huajiao katika jenasi moja, Zanthoxylum.

Ndani ya maganda hayo kuna kemikali iitwayo sanshuli. Hii haifanyi kazi kwenye ladha. Inaamsha neva za kugusa, zile zinazokuambia kitu kinatetemeka. Mwaka 2013 watafiti wa University College London waliwapaka watu huajiao midomoni, kisha wakawatingisha vidole kwa mitambo na kuwauliza mtetemo upi unafanana na ule wa mdomoni. Jibu lilikuwa takriban mitetemo 50 kwa sekunde. Kwa hiyo ulipohisi midomo inatetemeka kama simu iliyozimwa mlio, hukuwa unawaza vibaya, ndivyo mwili wako ulivyosoma. Na yale maji yenye ladha ya bati ni kazi ya kiungo hichohicho. Hubadilisha unavyohisi kinywaji kwa muda. Hali hiyo huisha yenyewe, haiachi madhara.

Wenyeji huita ganzi hiyo *ma*, na mwasho wa pilipili huuita *la*. Yakiunganishwa ni *mala*, neno utakaloliona limeandikwa kila kona ya miji ya China. Kwa nini mtu atake ganzi kwenye chakula? Kwa sababu huajiao nzuri ina harufu ya ganda la limau lililokwaruzwa sasa hivi, na ganzi yake hukaa juu ya mwasho wa pilipili kama mkono uliowekwa begani. Unaendelea kula pilipili nyingi kuliko ulivyodhani unaweza, na bado unasikia ladha ya samaki. Mpishi akiwa hodari, ganzi huja baada ya harufu, na huja polepole.

Sasa nikuulize: uliitafuna ile punje yenyewe? Nadhani ndiyo, na wenzako pia. Fikiria mgeni aliyekuja kwenu akala pilau, akatafuna karafuu zote, iliki na maganda yake, na kijiti cha mdalasini, kisha akasema mwenyeji kamtilia dawa ya meno. Sisi tunajua vile viungo vinabaki pembeni ya sahani, hatufundishwi na mtu. Huajiao ni hivyohivyo, na pilipili kavu ni hivyohivyo. Kazi yake ni kuacha harufu kwenye mafuta. Ikishaiacha, inasukumwa pembeni kwa vijiti.

Hapa ndipo ninapofika kwa samaki wako. Jina lake ni *shuizhu yu*, maana yake samaki wa kuchemshwa kwa maji, jina linalompotosha kila mgeni. Samaki hukatwa vipande vyembamba, akapakwa ute wa yai na wanga, akatiwa kwenye supu yenye pilipili kwa muda mfupi sana. Chini ya beseni hutandikwa machipukizi ya maharage. Juu hunyunyiziwa pilipili kavu na huajiao, kisha mpishi anapasha mafuta mpaka yatoe moshi na kuyamimina juu yake yote. Ule mlio wa *chaaa* ndio dakika viungo vinapotoa harufu. Mafuta yanabaki juu kama kifuniko, yanazuia joto lisitoke. Ule ulaini uliousifia unatokana na ute wa yai na wanga, pamoja na mpishi aliyejua kutoa samaki kabla hajakakamaa. Mpishi wa samaki yule ni fundi, nakuambia kwa moyo wote.

Lakini mafuta yale hayanywewi wala hayaliwi. Unachopoa kipande cha samaki, unakiacha kichuruzike juu ya beseni, ndipo unakiweka kwenye bakuli lako. Nahisi, na utanisahihisha nikikosea, mlifanya kama tunavyofanya nyumbani: wali kwenye sahani, mchuzi ukamiminwa juu. Kwa mchuzi wa nazi ni sawa kabisa. Kwa beseni lile ni kujimiminia nusu kikombe cha mafuta ya pilipili tumboni, saa tatu usiku, baada ya siku nzima ya kuzunguka masoko ya jumla. Ukisema tumbo liliuma, mimi naangalia hapo kwanza. Lililotulia asubuhi halinitishi. Lingeendelea, au kukawa na homa, kutapika au damu, hilo lingekuwa la daktari.

Na kwa kuwa wasafiri wengi huogopa mafuta yaliyotumika tayari, jicho lako linaweza kukusaidia. Mafuta mapya ya shuizhu yu yana wekundu unaopitisha mwanga. Unaona samaki chini yake. Yakiwa meusi, mazito, yana povu au yananuka kama karai la mkaanga samaki wa jana, usile. Wewe umeniandikia kwamba mliwaona samaki wakielea, kwa hiyo mafuta yalikuwa safi machoni.

Kuku sasa. Hapa ndipo jikoni walipokosea, na yuan 68 zako una haki ya kuzililia.

Kuku yule anaitwa *laziji*, na alipatia sifa huko Chongqing, kwenye migahawa ya kilima cha Geleshan, ambako watu hupanda kwa ajili yake tu. Pilipili kuwa nyingi kuliko nyama ni kawaida yake. Ukiletewa sahani nyekundu yote, usiseme umeibiwa. Kuwinda vipande kwa vijiti ni sehemu ya ulaji wenyewe. Nyama hukatwa na mifupa yake vipande vidogo kama ncha ya kidole gumba. Hukaangwa mara mbili: mara ya kwanza aive, mara ya pili kwa mafuta makali apate ukoko mkavu huku ndani akibaki na maji yake. Baada ya hapo moto unapunguzwa, mafuta mengi yanatolewa, na pilipili kavu na huajiao zinaingia karaini. Ndipo penye kazi. Pilipili kavu inatakiwa kutoka kwenye wekundu mkavu hadi wekundu wa damu ya mzee, inang'aa, inanukia kama karanga. Ukichelewa kidogo tu inakuwa kahawia iliyokolea, ukichelewa tena inakuwa nyeusi, na nyeusi ni chungu. Mwalimu wangu wa Chengdu alikuwa akimwaga sahani nzima kwa ajili ya pilipili chache zilizoungua, kwa sababu uchungu ukishaingia kwenye mafuta hauondoki, hata ukiongeza sukari.

Kwa hiyo ule uchungu ulioonja si ladha ya Sichuan. Unaweza kutoka sehemu mbili: pilipili zilizoungua, au huajiao iliyokaa ghalani mpaka harufu ikaisha na uchungu ukabaki. Na nyama kuwa ngumu inaniambia kuku alishakaangwa mapema, akasubiri, kisha akarudishwa karaini mlipoagiza. Migahawa yenye wateja wengi hufanya hivyo kuokoa muda. Naelewa kwa nini, na bado ni uzembe. Mngemwita mhudumu, mkaonyesha pilipili zilizoungua, mngekuwa na hoja.

Umesema pilipili unaila tangu utotoni, nakuamini. Pilipili kichaa ya kwetu inawasha kuliko *erjingtiao*, ile pilipili ndefu nyembamba ambayo Chengdu wanaipenda kuliko zote. Kwetu pilipili tunaiweka kwa ajili ya mwasho, tunaipondea kwenye chumvi na ndimu, tunaitengenezea achari. Mpishi wa Sichuan anaichagua kwanza kwa harufu na rangi. Pilipili yake ni ya upole ila ni nyingi, na imepikwa kwenye mafuta yanayoibeba na kuibandika ulimini. Ndiyo maana mtu wa Tanga anaweza kushikwa pale ambapo hakutegemea. Inafaa kujua pia kwamba pilipili si ya China kwa asili, wala si ya kwetu. Wao na sisi tuliipata kutoka Amerika baada ya meli za Ulaya kuanza kuvuka bahari. Maandishi ya China yanaitaja kuanzia mwaka 1591, na ilichukua miaka mingi zaidi kabla Sichuan haijaifanya chakula cha kila siku. Huajiao ilikuwepo kabla yake kwa karne nyingi. Ganzi ndiyo mwenyeji kule, mwasho ni mgeni aliyepewa chumba.

Tofu mliyoipenda ni *mapo doufu*. Simulizi za Chengdu zinaitaja duka la familia ya Chen karibu na daraja la Wanfu mwaka 1862, ambako mke wa mwenye duka, mama mwenye makovu ya ndui usoni, aliwapikia wapagazi wa mafuta. Jina la chakula linamtaja yeye na makovu yake. Kinachokipa wekundu na utamu ule wa chumvi ni *doubanjiang*, maharage makubwa yaliyochachushwa na pilipili na chumvi kwa mwaka mmoja au zaidi, na yenye sifa kubwa hutoka Pixian, pembeni ya Chengdu. Kuwa ya moto ni sifa yake. Tofu ya mapo isipokuunguza ulimi kidogo imechelewa kwenye dirisha la jikoni.

Nasogea kwenye biringanya, na hapa naomba tuliangalie jambo kwa utulivu. Umeandika mwishoni kwamba wawili kati yenu ni Waislamu na hamkuagiza nguruwe. Biringanya ile, kwa ulivyoieleza, tamu, chachu, yenye tangawizi na vitunguu saumu, ni *yuxiang qiezi*, maana yake biringanya ya harufu ya samaki. Samaki hamna, ni mchanganyiko wa viungo ambavyo Sichuan hupikia samaki. Lakini mara nyingi sana ndani yake hutiwa nyama ya kusaga kidogo ya kunogesha, na nyama hiyo huwa ya nguruwe. Mapo tofu ya Chengdu kwa desturi ni ya ng'ombe, ila ukitoka Chengdu migahawa mingi huweka nguruwe. Tena jiko la kawaida hutumia divai ya kupikia kuondoa shombo ya samaki na kuku. Siwezi kukuambia sahani yenu ilikuwa na nini, sikuwepo. Mliyoyala bila kujua, hukumu yake mwulizeni sheikh wenu, mimi ni mpishi. Linalonihusu mimi ni kwamba msirudie kwa kutojua.

Guangzhou hili halina ugumu. Tafuta maandishi 清真, yanasomwa *qingzhen*, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Hiyo ndiyo alama ya chakula halali. Eneo la Xiaobei, ambako wafanyabiashara wetu wengi hushukia, lina migahawa hiyo mingi, na wanaokwenda kuswali Msikiti wa Huaisheng wanaweza kuwauliza waumini wa pale. Hutapata kila sahani ya Sichuan, lakini utapata *dapanji* ya Xinjiang, sinia kubwa la kuku na viazi vyenye pilipili na huajiao, na tambi pana zinazotiwa juu mwishoni zinyonye mchuzi. Kwa mtu wa pwani naona ni mlango mzuri kuliko laziji. Na ukiwa kwenye mgahawa wa kawaida pamoja na wenzako, hifadhi kwenye simu maneno haya: 我不吃猪肉, *wo bu chi zhurou*, mimi sili nguruwe. Yanasaidia, ingawa hayalifanyi jiko kuwa la halali.

Kosa lenu sasa. Sahani nne, tatu kati ya hizo nyekundu, mbili zenye huajiao nyingi, hakuna supu, hakuna mboga za majani. Hata Mchina wa Chengdu hali hivyo. Wapishi wa Sichuan huhesabu ladha 24 za msingi katika upishi wao, na nyingi kati ya hizo hazina hata punje ya pilipili. Wana bata wa kukaushwa kwa moshi wa majani ya chai na mkafuri. Wana kachumbari ya kuchachusha inayoliwa kati ya tonge na tonge. Wana *kaishui baicai*, kabichi ya Kichina kwenye bakuli la maji matupu, ukiitazama unasikitika kulipia. Ukionja unagundua yale maji ni supu ya kuku iliyochemshwa saa nyingi na kuchujwa mpaka ikang'aa. Mimi chakula kilichonifanya nibaki Chengdu mwaka wa pili ni hicho, wala si chochote chekundu. Meza ya Sichuan hupangwa ili ulimi upande, ushuke, upumzike, upande tena. Ninyi mliupandisha ulimi, mkaunyima mahali pa kushukia.

Na neno "kidogo" ulilomwambia mhudumu lilikuwa sahihi, *weila*, lakini laziji na shuizhu yu haziwezi kupikwa kidogo kweli. Ukimwambia muuza urojo asiweke bajia wala ukwaju, atakupa nini?

Mdomo ukiwaka, usikimbilie maji. Kinachowasha kwenye pilipili hakiyeyuki kwenye maji, unakisambaza tu. Maziwa au mtindi husaidia zaidi, na tonge la wali mweupe hufuta ulimi vizuri. Sichuan wenyewe wana *bingfen*, jeli baridi nyororo iliyomiminiwa shira kama ya sukari guru, inauzwa rahisi, na baada ya pilipili ni faraja kubwa.

Je, urudi pale? Kwa ajili ya samaki yule, ndiyo, na wale wenzako wasiobanwa na sharti la halali waende nawe. Wewe mwenyewe ukiwa kati ya wale wawili, nakushauri Xiaobei. Mkienda wanne, agizeni chekundu kimoja tu kikali, huyo huyo samaki. Pembeni yake kuku wa *gongbao*, wa karanga na utamu uliochanganyika na uchachu, mwenye mwasho mdogo. Ameitwa kwa cheo cha Ding Baozhen, gavana wa Sichuan aliyefariki 1886. Ongezeni mboga za majani zilizokaangwa kwa vitunguu saumu, na supu yoyote nyeupe. Wali mweupe kila mtu bakuli lake, mkavu, bila kumiminiwa kitu. Huajiao pembeni ya sahani kama karafuu. Na mkitamani kumpa yule mpishi wa kuku nafasi ya pili, tazameni pilipili kabla ya kuinua vijiti: zikiwa nyekundu zinazong'aa, kuleni, zikiwa nyeusi, mwiteni mhudumu mrudishe sahani kabla ya kipande cha kwanza.